Pakiti ya mbegu za "maua ya wachavushaji": nimeipanda, nikawatazama nyuki wanaorudi

Pakiti za mbegu zinazouzwa kwa jina la "maua ya wachavushaji" zimejaa sokoni siku hizi, na mbele yake huwa pamechorwa nyuki mnene juu ya ua jekundu. Hii niliyoipanda ni mojawapo. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu nimesoma maelezo ya wauzaji wengine na karibu wote wanaahidi yale yale: rangi za kuvutia, maua msimu mzima, chakula kwa kila mchavushaji. Mimi nilianza kufuga nyuki kabla ya kupanda maua, kwa hiyo nimeipima ahadi hiyo kwa jicho la mfugaji. Idadi ya nyuki wanaofika bustanini hainishughulishi sana. Ninachotazama ni nani anarudi kesho yake, na anarudi kwenye ua gani.

Nyuki anayefika mara ya kwanza amevutwa na sura ya ua: rangi, umbo, harufu. Anayerudi amekwisha kulipwa. Ua humlipa kwa mbochi, ambayo ni maji matamu ya kumpa nguvu ya kuruka, au kwa chavua, ambayo ndiyo protini na mafuta ya kulea watoto mzingani. Asipolipwa, hujifunza haraka sana na kuhamia kwingine, na ua zuri linabaki pambo la mwenye bustani. Wanaotengeneza pakiti hizi huchagua kwa sura. Nyuki huchagua kwa malipo. Kila nilichokipenda na kila kilichoniudhi katika bidhaa hii kinatoka hapo.

Ndani kuna borago, faselia, alizeti fupi, popi, kosmosi, zinia, mrehani, giligilani, bakwiti na alfalfa. Katika kuota sina lawama kubwa. Bakwiti na alizeti zilitangulia, giligilani ikajivuta, popi zikatokea chache. Maelezo yanakuambia utawanye zote kisha upitishe reki mara moja, na hapo wamekosea: mbegu ya popi ni vumbi jeusi linalotaka kubaki juu ya udongo lipate mwanga, ilhali faselia huota vizuri zaidi ikifunikwa. Mstari mmoja wa nyongeza kwenye pakiti ungetosha kulieleza hilo.

Niligawa mbegu. Sehemu moja nikaitawanya kama wanavyoelekeza. Nyingine nikaichambua juu ya karatasi nyeupe na kupanda kila mmea kundi lake. Ni kazi ya kuumiza macho, ila alizeti, borago na giligilani utazitambua mara moja kwa ukubwa na umbo.

Nianze na ahadi ya rangi, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mchoro wa ua jekundu na nyuki juu yake unapotosha. Nyuki haoni nyekundu kama tunavyoiona sisi. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alichapisha majaribio yake ya rangi mwaka 1914: aliwalisha nyuki maji ya sukari juu ya kadi ya buluu iliyozungukwa na kadi za kijivu, nyingine nyepesi, nyingine nzito. Baada ya muda nyuki waliijia buluu hata kibakuli kikiwa kitupu, na hakuna kijivu kilichowachanganya. Walipofunzwa kwa kadi nyekundu, waliichanganya na nyeusi. Upande wa pili, nyuki huona urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayaupati kabisa. Popi nyingi nyekundu huakisi mwanga huo, ndiyo maana nyuki hutua juu yake. Wekundu tunaousifia sisi kwao haupo.

Ni kweli pia kwamba nyuki mchanga anayetoka mzingani kwa mara ya kwanza huelekea zaidi buluu na zambarau. Kwa hiyo borago na faselia zilianza na bahati. Lakini mwelekeo huo wa kuzaliwa ni wa kuanzia tu, na nyuki akipata malipo mazuri kwenye rangi nyingine hufunikwa mara moja. Randolf Menzel, aliyetumia maisha yake kuchunguza kumbukumbu ya nyuki wa asali, alionyesha kwamba malipo ya mara moja juu ya rangi yanatosha kubadili chaguo la nyuki, na mara tatu humpa kumbukumbu ya siku nyingi. Mdudu huyu ana ubongo wa ukubwa wa milimita moja ya ujazo hivi, wenye nyuroni, yaani seli za neva, zisizozidi milioni moja kwa kukadiria. Mwaka 1993 Martin Hammer aliamsha nyuroni moja tu kwenye ubongo huo wakati nyuki ananusa harufu, bila kumpa sukari hata tone, na nyuki akajifunza harufu ile kana kwamba amelishwa. Kila nikisimama kando ya tuta nakumbuka jaribio hilo. Tone lile dogo la mbochi lina nyuroni yake ya kulitangaza, na habari zikishapita hapo, rangi na harufu ya ua vinawekwa akilini.

Sasa borago, ambayo peke yake inatosha kuifanya pakiti hii inunuliwe.

Ua lake ni nyota ya buluu inayoinamia chini, kwa hiyo nyuki hufika kwa chini na kuning'inia kichwa kikiwa juu, miguu imeshika koni nyeusi ya katikati. Kaa karibu, uso wako usawa na maua, utazame. Nyuki anakaribia ua, anasimama hewani mbele yake, umbali wa unene wa kidole, kisha anageuka bila kuligusa na kwenda ua la pili. La pili analitua. Sisi tunaona maua mawili yanayofanana. Yeye amenusa kwenye la kwanza nyayo za mwenzake. Miguu ya nyuki huacha mafuta kidogo juu ya petali, na harufu hiyo mbichi humwambia anayefuata kwamba mbochi imekwisha kunywewa. Harufu hupotea polepole, na ua nalo linajijaza tena. Jane Stout na Dave Goulson waliofuatilia jambo hili kwa nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, walionyesha mwaka 2002 kwamba muda wa kuliepuka ua lenye nyayo hutegemea mmea: kwenye mimea inayojaza mbochi haraka, borago ikiwemo, nyuki hurudi baada ya dakika chache tu, kwenye mimea inayojaza polepole, huliepuka ua kwa saa nyingi. Harufu ni ile ile. Nyuki ndiye aliyejifunza kwamba kwenye borago kungoja kidogo kunatosha.

Niliwatia nyuki kadhaa alama ya rangi mgongoni, nukta moja kila mmoja, ili niweze kuwafuata. Mmoja wao, mwenye nukta nyeupe na ubawa wa kulia uliochanika pembeni, alikuwa wa borago moja kwa moja. Faselia ilikuwa imechanua hatua mbili kutoka pale, ina mbochi nyingi, inanukia, na nyuki wengine wameifunika. Yeye alipita juu yake bila hata kupunguza mwendo. Uaminifu wa namna hii kwa aina moja ya ua uliandikwa zamani na Aristotle, na Charles Darwin akautafutia sababu: alidhani mdudu hushikamana na ua moja kwa sababu amekwisha kujua namna ya kulihudumia, na akihama atapoteza muda kujifunza upya. Mwaka 1986 Alcinda Lewis alilipima wazo hilo kwa vipepeo weupe wa kabichi. Wale waliojifunza kunywa kwenye ua la aina ya pili walirudi kwenye la kwanza wakiwa wazito, wanapapasa. Ujuzi mpya uliingilia wa zamani.

Hapo ndipo agizo la "changanya zote, tawanya" linaponipa taabu. Kwenye tuta nililotawanya, borago moja ilikuwa hapa, nyingine kule, katikati yake kosmosi, zinia na giligilani. Nyuki wa nukta nyeupe hakulipenda. Alitembelea mashina mawili matatu akaondoka. Kwenye tuta la makundi alitoka ua hadi ua bila kupumzika mpaka akajaza. Lars Chittka na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba nyuki bambi anayechagua kati ya rangi zinazokaribiana hubadilisha mwendo kulingana na hasara: akikosea bila adhabu huenda mbio na kukosea sana, akikosea na kukuta maji machungu, hupunguza mwendo na kuchagua kwa usahihi zaidi. Katika tuta la mchanganyiko anafanya uchaguzi huo kila anaponyanyuka. Kwenye kundi haumgharimu kitu, kwa kuwa jirani ni yule yule. Mmea nao unafaidika: chavua ya borago inaangukia borago nyingine, haipotei juu ya kosmosi.

Mchanganyiko una uzuri wake kwa macho, sikatai. Picha iliyo mbele ya pakiti ni ya mchanganyiko, na mteja anataka kupata alichoonyeshwa. Kampuni ingeweza kufunga mbegu zile zile katika vifuko vidogo ndani ya pakiti moja na kumwachia mnunuzi aamue.

Alfalfa iliwekwa humo kama kijazio, nadhani, kwa kuwa mbegu yake hupatikana kwa wingi. Kwangu imekuwa darasa. Ua la alfalfa lina mtego: stameni zake, vijiti vinavyobeba chavua, zimebanwa ndani ya petali mbili za chini, na nyuki akisukuma kichwa kwa mbele zinafyatuka na kumpiga chini ya kidevu. Nyuki mgeni hupigwa, huruka nyuma, hujipangusa. Mwenye uzoefu haingii kwa mbele tena. Anatua pembeni, anapenyeza ulimi kwenye mwanya ulio kati ya petali, anakunywa na kuondoka bila kuufyatua mtego. Ni halali yake, ila mmea haukuchavushwa. Ndiyo sababu wakulima wa mbegu za alfalfa hawategemei nyuki wa asali peke yake. Kuna nyuki wa mkatamajani wanaofugwa kwa kazi hiyo, ambao huingia kwa mbele bila kujali pigo. Ukitaka kumwonyesha mtoto kwamba mdudu hujifunza, mweke mbele ya alfalfa iliyochanua, mtafute nyuki anayeingia kwa mbele na yule anayeingia kwa ubavuni.

Bakwiti ni nzuri, lakini kwa mwenye kuamka mapema. Hutoa mbochi asubuhi, na jua likipanda inakauka. Nyuki wanaolijua hilo hufika asubuhi na kuhama kabla ya mchana kuingia. Ingeborg Beling, mwanafunzi wa von Frisch, alichapisha mwaka 1929 kazi yake ya kuwazoesha nyuki kulishwa saa fulani: siku alipowanyima chakula walikuja saa ile ile na kuzungukazunguka. Basi ukitazama tuta lako la bakwiti saa nane mchana ukakuta hakuna kitu, usiing'oe.

Nije kwenye zinia na alizeti, ambako nina hasira kidogo.

Zinia zilizotoka kwenye pakiti hii nyingi ni za petali tabaka kwa tabaka, zile zinazofanana na mpira. Zinia ya kawaida ina duara la katikati lenye vijiua vidogo vya manjano, na vijiua hivyo ndivyo vyenye mbochi na chavua. Wafugaji wa mimea wamezichagua zinia zenye petali nyingi kiasi kwamba katikati hakuna kilichobaki, au kipo na kimefunikwa. Nyuki anatua, anatembea juu ya petali, anachomeka ulimi hapa na pale, anaondoka. Na kwa sababu pakiti imechanganya zinia hizo na chache zenye duara wazi, za rangi zile zile, nyuki hawezi kujua kwa mbali ipi inalipa.

Utaniambia hizo chache zenye mbochi zinatosha kumfanya arudi. Kuna jaribio la Leslie Real la mwaka 1981 linalojibu hoja hiyo. Aliwapa nyuki bambi maua bandia ya rangi mbili. Rangi moja ilikuwa na mikrolita 2 za mbochi katika kila ua. Nyingine ilikuwa na mikrolita 6 katika ua moja kati ya matatu, mawili yakiwa matupu. Kwa wastani malipo ni sawasawa. Nyuki walichagua rangi yenye malipo ya uhakika, na alipobadilisha rangi wakaifuata ile iliyokuwa sasa na uhakika. Zinia za pakiti hii ni rangi ya bahati nasibu, na karibu nazo kuna borago isiyokosa. Wale nyuki wangu wenye nukta walizijaribu mwanzoni mwa kuchanua kwake, kisha zikabaki kwa vipepeo wapitao njia.

Kwa asili yapo maua yanayoishi kwa udanganyifu. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya okidi hazitoi malipo yoyote. Huwanasa wadudu ambao hawajajifunza bado, na huishi kwa kuwa chache kuliko maua yanayolipa. Okidi ina haki ya kufanya hivyo kwa sababu ndivyo inavyozaa. Zinia ya tabaka haimdanganyi nyuki kwa faida yake yenyewe. Imefanywa hivyo ili ipendeze kwenye chombo cha maua mezani, na kuiuza kwa jina la chakula cha nyuki si sawa.

Alizeti ni suala lile lile kwa namna nyingine. Fupi hizi ni za aina isiyotoa chavua, iliyotengenezwa kwa wauza maua ili vumbi la manjano lisiangukie kitambaa. Mbochi ipo, na nyuki wa asali walikuja kwa ajili yake, hilo nalikiri kwa moyo mweupe. Lakini tazama miguu ya nyuma ya wanaoondoka: mitupu. Kwenye alizeti za kawaida miguu hiyo huwa na vifurushi vya rangi ya chungwa vinavyoonekana kutoka mbali. Koloni linalolea watoto linahitaji vifurushi hivyo, na nyuki wapweke wasio na mzinga wala ghala wanavihitaji zaidi. Kwenye pakiti hakuna neno lolote kuhusu hili. Jina la aina halikuandikwa, limeandikwa "alizeti" tu.

Popi zimefidia kidogo. Popi haina mbochi hata tone. Malipo yake yote ni chavua, nyeusi nyeusi, na hutolewa asubuhi. Nyuki anaingia katikati ya stameni na kuzunguka kwa kasi akijisugua, mwili mzima unachafuka, kisha ananyanyuka na kuning'inia hewani akijipangusa na kufunga mizigo. Anayekuja popi hatafuti kinywaji, na hufanya kazi kwa haraka ya namna yake. Ningependa pakiti ziwe zinaeleza hivyo: mmea huu ni wa mbochi, huu ni wa chavua, huu ni wa vyote viwili. Mnunuzi angejua anachopanda.

Ahadi ya "kila mchavushaji" haikutimia, na haiwezi kutimia kwa pakiti moja. Giligilani na maua yake madogo yaliyo wazi iliwaleta nzi wa maua, wale wenye mistari kama nyigu, ambao ulimi wao ni mfupi na hawafiki ndani ya maua marefu. Wengi wao huvutwa na manjano tangu kuzaliwa, ila giligilani nyeupe waliizoea bila shida. Mrehani ilipoachwa ichanue ilijaa nyuki wadogo kuanzia asubuhi hadi jioni, na ni mmea ninaoushauri kwa yeyote hata mwenye chungu kimoja cha udongo. Kwa nondo na popo hakuna kitu humu. Wanaofanya kazi usiku hutafuta maua meupe yenye harufu nzito, na nao hujifunza: nondo mkubwa Manduca sexta huzaliwa akipenda harufu ya maua ya datura, lakini akilipwa kwenye agave huiongeza agave kwenye orodha yake bila kuisahau datura. Kampuni ingeandika "nyuki na nzi wa maua" na ingekuwa imesema kweli.

Kuna jambo lingine dogo nilitarajia kulikuta kwenye pakiti na halimo, nalo ni onyo kwamba mimea hii isipuliziwe dawa. Mbegu zenyewe, kwa maelezo ya lebo, hazikupakwa dawa, na hili nalipongeza sana. Linahusu moja kwa moja namna nyuki anavyochagua. Mwaka 2015 Sébastien Kessler, Geraldine Wright na wenzao walionyesha kwamba nyuki wa asali na nyuki bambi hawawezi kuonja dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi katika mbochi, na bado, wakipewa maji ya sukari yenye imidaklopridi au thiametoksamu na yasiyo nayo, walikunywa zaidi yale yenye dawa. Hawawezi kujikinga kwa kujifunza. Mbegu iliyopakwa dawa za kundi hili huipeleka mpaka kwenye mbochi na chavua, kwa hiyo mtu akinunua pakiti ya nyuki atazame kwanza mstari huo.

Wright huyo huyo aliongoza utafiti mwingine ninaoupenda, wa mwaka 2013, kuhusu kafeini. Maua ya mibuni na ya jamii ya michungwa yana kafeini kidogo katika mbochi, chini ya kiwango ambacho nyuki angekiona kichungu, na nyuki waliopata sukari yenye kafeini walikuwa karibu mara tatu zaidi kukumbuka harufu ya ua baada ya saa 24 kuliko waliopata sukari tupu. Mmea unamlipa mgeni na kumsaidia akumbuke alipolipwa. Kati ya mimea ya pakiti hii sijui wowote wenye hila hiyo, na borago haikuihitaji.

Niliwaandikia huduma kwa wateja nikiuliza aina ya zinia na alizeti waliyotumia, na kama wana mpango wa kutenganisha mbegu. Walinijibu kwa adabu na haraka, wakanishukuru, wakaniambia mchanganyiko hubadilika kulingana na mbegu zilizopo ghalani. Jibu ni la kweli na limenisaidia kuelewa, lakini lina maana kwamba pakiti utakayonunua wewe huenda ikawa na zinia nyingi kuliko yangu, au borago chache.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za borago na faselia, ambazo zilichanua muda mrefu na kulisha vizuri, na moja ni ya mbegu kutopakwa dawa. Mwenye bustani anayetaka rangi dirishani na nyuki kiasi ataridhika nayo. Mfugaji, au mtu anayetaka kuwasaidia wachavushaji kwa dhati, achambue mbegu kabla ya kupanda, apande makundi mapana ya kutosha nyuki kufanya kazi bila kuhama, na zinia azipeleke mbele ya nyumba zikae kama mapambo. Msimu ujao nanunua borago, faselia, popi na mrehani kila moja kwa pakiti yake, pamoja na alizeti ya kawaida yenye chavua. Mchanganyiko huu nitaurudia siku watakapoandika majina ya aina zilizomo.